Saa Moja Iliyosogezwa Uswidi

Jumatatu, 25 Februari 1985

Leo asubuhi Bwana Wim, mtaalamu wa Kiholanzi wa mradi wetu wa magonjwa ya kahawa, aliniita chumba cha kompyuta. Akaniambia, "Leonia, andika neno *saa*, kisha bonyeza." Nikaandika. Nikabonyeza. Kioo kikatoa mistari miwili: Moshi 10:15, Uholanzi 08:15.

Nikaruka kutoka kwenye kiti kama nimeona nyoka. Kompyuta hii imefungwa kwenye chumba kisicho na dirisha hapa Moshi, imejuaje kwamba kwao Bwana Wim watu ndiyo kwanza wanakunywa chai?

"Haijui chochote," akasema huku anacheka. "Mimi ndiye niliyeiambia."

Akanionyesha. Sehemu inayopokea amri huiita ganda. Unaandika amri zako kwenye faili, mstari chini ya mstari, kisha unaipa faili hiyo jina. Ukilitaja hilo jina kwenye ganda, mashine inafuata amri zote bila kuuliza. Ya kwanza ilisema: toa saa ya hapa. Ya pili ilisema: jifanye uko Uholanzi, halafu toa saa. Basi.

Nikamwomba anisaidie kuongeza Uswidi. Akasema Uswidi na Uholanzi saa yao ni moja, wanapishana na sisi saa mbili. Nikaandika mwenyewe mstari wa tatu, nikauita jina la kaka yangu. Sasa mashine inasema: Rogath 08:22. Miaka saba hatujaisikia sauti yake, na leo nimejua ana saa ngapi!

Ijumaa, 1 Machi

Bwana Wim ameenda likizo kwao hadi baada ya Pasaka. Ameniachia funguo. Sabuni imeadimika tena Kiboriloni.

Jumamosi, 2 Machi

Nimepanda Kilema kumwona mama. Nimekuta shamba la migomba upande wa mtoni limenyolewa majani yote. Nikauliza nani kafanya hivi. Mama akasema, "Baba yako mdogo Primus. Anasema ng'ombe wake wana njaa."

"Na wewe ukanyamaza?"

"Nimwambie nini, mwanangu? Mwenye kihamba yuko wapi?"

Kihamba hiki, shamba letu la ukoo lenye nyumba na makaburi, baba alimwachia Rogath, mwanawe wa kiume wa pekee, kisha baba akafa mwaka themanini na mbili. Rogath alikuwa Uswidi kwa masomo ya uhandisi, hakuja mazishini. Masomo yalipaswa kwisha mwaka juzi. Barua zake zimekuwa fupi, fupi zaidi, kisha hakuna. Sasa Mzee Ndelilio, mkubwa wa ukoo, ametoa neno: Pasaka ikipita bila ukoo kusikia sauti ya Rogath, kihamba kitakwenda kwa Primus. Na mama? Mama atakuja kukaa nami kwenye chumba changu cha Kiboriloni, ambacho nikinyoosha miguu nagusa mlango.

Mama yangu hajawahi kulala mahali asipousikia mfereji. Ameolewa hapa, amezalia hapa, amemzika mumewe hapa chini ya migomba. Nilichukua kisu nikamsaidia kumenya ndizi za mtori.

Jumatatu, 4 Machi

Nimempelekea Rogath telegramu. Nimeandika: UKOO UNATAKA SAUTI YAKO KABLA YA PASAKA AU MAMA ANAPOTEZA KIHAMBA. Kijana wa kaunta ameisoma akanitazama kwa huruma. Nikamwambia ashughulike na stempu zake.

Jumamosi, 9 Machi

Mvua imeanza. Nimepanda Kilema, njia ni matope matupu. Ng'ombe wa Primus amefungwa kwenye mgomba wetu. Kwenye mgomba wetu! Na baba mdogo mwenyewe amesimama pale, koti la mvua begani, ananisalimia kama hakuna lililotokea.

"Shikamoo, baba mdogo," nikasema nimekaza meno.

"Marahaba, Leonia. Umenenepa. Mjini kuna chakula?"

Mtu mwizi hata akikuuliza hali unasikia kama anakupima.

Jumanne, 12 Machi

Telegramu imekuja! Amejibu! Nimeisoma nimesimama kwenye mvua nje ya posta mpaka karatasi ikalowa: PIGENI SIMU JUMAPILI YA MATAWI SAA NNE KAMILI ASUBUHI YA HUKU SI KABLA SI BAADA. Na namba.

Nimelia mbele ya watu. Kaka yangu huyu ndiye aliyenifundisha hesabu kwa kokwa za parachichi. Nilijua hawezi kumtupa mama.

Jumatano, 13 Machi

Sitaki kubahatisha. Nimemwendea Mektrida, rafiki yangu anayeunganisha simu pale mjini. Nikamwomba, akipata mtu wa ng'ambo kwenye waya, amuulize huko Uswidi ni saa ngapi. Jioni akanipa jibu. Nikalilinganisha na mashine. Sawasawa, hata dakika!

Basi saa nne ya kwao ni saa sita mchana ya kwetu. Mektrida ameandika oda: Jumapili ya Matawi, saa sita kamili, simu ya ofisini kwetu.

Jumamosi, 16 Machi

Mvua. Nimewapelekea mama na Mzee Ndelilio habari. Mzee amekubali kushuka Moshi kusikiliza kwa masikio yake. Primus naye anakuja. "Nataka kusikia hata akipumua tu," amesema. Kejeli gani hiyo?

Jumatano, 20 Machi

Umeme ulikatika kutwa. Uliporudi mashine ilikuwa imepoteza saa, nikairekebisha kwa redio. Nilitokwa jasho.

Jumamosi, 23 Machi

Primus ameleta mawe. Mawe ya msingi, yamepangwa kando ya kaburi la baba. Nimemuuliza ni ya nini, akasema, "Ya kujengea." Ananijibu kama mtoto mdogo anavyojibiwa. Mama ameingia ndani akafunga mlango, mchana kweupe.

Jumatatu, 25 Machi

Mvua.

Alhamisi, 28 Machi

Mvua. Rogath 11:40. Naandika neno *saa* mara kumi kwa siku, namwona kabisa: anavuka barabara, ana koti zito, ana vitabu.

Jumapili, 31 Machi, Matawi

Niandike kwa utaratibu, maana kichwa hakijatulia.

Misa ya kwanza ilikwisha mapema. Gidioni, jirani yetu, alitushusha na pikapu yake, na kwa kuwa Jumapili magari hayatakiwi barabarani baada ya saa nane, alitukumbusha njia nzima kwamba hatangoja mtu. Mama alikaa mbele na tawi lake la Matawi. Mzee Ndelilio, Primus na mimi tulikuwa nyuma chini ya turubai.

Ofisini niliwasha mashine. Mzee akavua kofia mbele yake kama yuko kanisani. Nikaandika *saa*. Moshi 11:52. Rogath 09:52.

"Kwa hiyo huko ni saa nne kasoro," akasema Mzee Ndelilio taratibu. "Na hiki kidude kimeliona jua la huko?"

"Kinajua, babu."

Nilisema hivyo. Kinajua!

Saa sita kamili simu ikalia, nikaunyakua mkono wa simu. Mektrida akasema, "Ongea, Uswidi iko kwenye waya." Nikasubiri sauti ya kaka yangu. Nikasikia sauti ya mtoto.

Mtoto mdogo kabisa, wa kike, anasema maneno nisiyoyajua. Nikadhani tumekosea namba. Nikasema, "Rogath? Rogath?" Akasema tena maneno yake, na katikati nikasikia jina. Tereza.

Nikamtazama mama. Mama anaitwa Tereza. Sijui uso wangu ulikuwaje, maana mama alininyang'anya mkono wa simu bila kuuliza. Akauliza kwa Kichagga, "Wewe ni mtoto wa nani?" Halafu akamwambia maneno ya baraka ambayo bibi humwambia mjukuu akimtemea mate kifuani. Na sote tukasikia, maana chumba kilikuwa kimya mno, kile kisauti kikijibu kutoka huko mbali:

"Aika, mae."

Asante, mama. Ndivyo tunavyowafundisha watoto wetu kujibu kabla hawajajua neno jingine lolote. Nani kamfundisha mtoto wa Uswidi hayo, kama si Rogath?

Mama alikaa chini sakafuni, taratibu, na kitenge chake kizuri cha Matawi. Mzee Ndelilio alishika ukuta. Primus akasema, "Yesu na Maria," akatoa kofia, akaivaa, akaitoa tena.

Nikachukua simu. Sasa alikuwa mwanamke, anaongea Kiingereza. Anaitwa Karin. Ni mke wa Rogath. Mke! Akasema wametoka kanisani sasa hivi yeye na mtoto, wamemkosa Rogath nyumbani, hajui ameenda wapi.

Nikamwambia, "Yeye ndiye aliyesema tupige saa nne yenu kamili."

"Lakini sasa ni saa tano," akasema.

"Ni saa nne. Nina kompyuta mbele yangu."

"Hapana, ni saa tano. Usiku wa jana tumesogeza saa mbele. Ni saa ya kiangazi."

Nikamwambia sielewi. Akarudia. Nchi nzima imesogeza saa. Nikauliza nani kasogeza, akasema serikali, kila mwaka, kila mtu anajua. Kisha sauti yake ikabadilika. "Wewe ni Leonia? Rogath aliniambia ninyi hamtaki kusikia habari zangu wala za mtoto."

Sikupata nafasi ya kujibu. Waya ukakatika.

Nilisimama na ile simu mkononi. Nikaandika *saa* kwa mkono mwingine, kioo kikatoa Rogath 10:04, uongo mtupu, kwa utulivu kabisa. Na hapo nikaelewa lile jingine. Si kabla si baada. Alichagua saa ambayo mkewe na mtoto wako kanisani. Alitaka kutupa sauti yake moja safi, isiyo na mke wala mtoto nyuma yake, ukoo utulie, naye aendelee kujificha. Kama ningepiga saa sahihi, angefaulu.

Kurudi, mvua ilitunyeshea mpaka Kilema. Mama alikuwa akirudia peke yake, "Aika, mae. Aika, mae," mpaka Gidioni akamuuliza kama anaumwa.

Jumatatu, 1 Aprili

Sikufanya kazi yoyote. Saa inasogezwaje? Hapa jua linachomoza pale pale, mwaka mzima, jogoo hadanganywi na mtu. Watu mamilioni, na treni zao, na makanisa yao, wanaamka Jumapili wanakubaliana kwamba saa nane ya usiku ni saa tisa? Na hakuna anayecheka?

Jumanne, 2 Aprili

Telegramu. NIMENGOJA TANGU SAA NNE MPAKA SAA TANO HAMKUPIGA MMENIVUNJA MOYO ROGATH.

Sisi ndio tumemvunja moyo! Bila shaka aliipeleka Jumapili ile ile, alipotoka nyumbani kabla mkewe hajarudi, kabla hajajua binti yake katuambia nini. Niliichana vipande vinne. Baadaye niliviokota, nikaviunga kwa gundi ya ofisini, maana mama atataka kuiona.

Jumatano, 3 Aprili

Hakuna telegramu nyingine. Sasa lazima anajua. Amenyamaza.

Ijumaa Kuu

Nimefunga. Nimejaribu kusali kwa ajili ya kaka yangu nikashindwa. Nilimchukia Primus kwa mawe yake mwezi mzima, na huyu niliyemtetea katudanganya huku na huku, kwetu na kwa mkewe. Mama namwambia hivyo, ananijibu, "Atakuwa na miaka mingapi yule mtoto? Ana meno ya mbele?"

Jumapili ya Pasaka

Watu wamejaa kanisani mpaka nje. Kesho ukoo unakaa.

Jumatatu ya Pasaka, 8 Aprili

Walikaa kwetu, uani, mvua ikiwa imetupa nafasi. Wazee saba, pombe ya mbege mbele yao. Nilisimama nyuma ya kiti cha mama nikiwa tayari kupigana.

Mzee Ndelilio akaanza. "Neno letu lilikuwa kusikia sauti ya Rogath. Hatukuisikia. Primus, wewe ulikuwepo. Sema."

Nikafunga macho. Nilijua kitakachosemwa: mtu ameoa kwa siri, ametudanganya, amepotea, kihamba ni changu.

Primus akasimama. "Ni kweli," akasema. "Sauti ya Rogath sikuisikia. Nilisikia ya mtoto." "Mimi niliamini Rogath amekufa. Nilidhani shemeji anajua na anatuficha ili kihamba kisitoke mikononi mwake. Mtu akifa huko kwenye barafu, nani atatuletea habari? Nikasema, basi, nijenge nikae karibu na kaburi la kaka yangu, pasiwe pori."

"Na mama ungemweka wapi?" nikapaza sauti. Sikupaswa kusema mbele ya wazee.

"Hilo sikuwaza vizuri," akajibu, na akanitazama usoni. "Hilo ndilo kosa langu."

Mzee mmoja akasema mtoto wa mzungu si wa ukoo. Mama, ambaye hajawahi kusema kwenye kikao cha wazee, akasimama. Nilishikwa na woga.

"Anaitwa Tereza," akasema. "Rogath sikumwagiza. Hakuna aliyemwagiza. Binti wa kwanza anapewa jina la mama wa baba yake, ndivyo mlivyonifundisha nilipoolewa hapa. Ameipeleka desturi hiyo huko kwa wageni akaifuata peke yake, gizani. Sasa niambieni amepotea."

Nilisikia matone yakidondoka kwenye migomba.

Mzee Ndelilio akanywa, akapangusa mdomo. "Mtu aliyepotea," akasema, "halitaji jina la mama yake kila asubuhi akimhimiza mtoto anywe uji. Kihamba hakiondoki hapa. Primus, mfungue ng'ombe wako."

Nilitaka kupiga vigelegele. Lakini Primus alikuwa bado amesimama. Akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa majani mawili marefu ya sale, mabichi, yamefungwa fundo katikati. Kwetu mtu akikuletea sale kuomba msamaha, humrudishi nalo. Awe kaua, awe kaiba, ukiliona lazima umsikilize.

Akapiga goti mbele ya mama, mtu mzima yule, kwenye matope. Akaweka jani la kwanza mikononi mwake. "Hili ni langu, kwa ajili ya mawe na ng'ombe."

Mama akalipokea.

Akatoa la pili. "Na hili ni la Rogath. Huko aliko mti huu haumei. Kama baba yake angekuwa hai angelileta yeye. Hayupo, nimelileta mimi."

Nilihisi kama nimepigwa kofi. Mwezi mzima nimemhesabu mtu huyu kuwa mwizi, na ni yeye aliyekumbuka kwamba kaka yangu hana mahali pa kuchuma sale.

Mama akalipokea na la pili, akalia hapo hapo kwa sauti, na wazee wote wakatazama chini. Halafu akanigeukia, akaninyooshea lile jani la Rogath. Nikarudisha mikono nyuma. Sikuwa tayari. Alinidanganya na mimi pia!

Mama hakunilazimisha. "Mimi nimelipokea," akasema. "Kwako bado linadai." Akalitia kwenye mkoba wangu wa kazini, kando ya funguo.

Jumatano, 10 Aprili

Primus amehamisha mawe. Ameyatumia kurekebisha ukingo wa mfereji wetu ulioliwa na mvua. Kazi nzuri kabisa, hata mimi nakubali.

Jumamosi, 13 Aprili

Bwana Wim amerudi. Nilimweleza yote. Aliweka mkono mdomoni akawa mwekundu hadi shingoni. "Saa ya kiangazi," akasema. "Leonia, sikukwambia. Kwetu hata mtoto anajua, sikufikiri kama ni jambo la kuambiwa."

Akataka kunirekebishia faili. Nikamwambia aniachie kiti. Nimeandika mstari mpya mwenyewe: kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi, Rogath yuko saa moja tu nyuma yetu, mpaka watakapoigeuza saa yao tena. Nikabonyeza. Moshi 11:10. Rogath 10:10.

Nilipofungua mkoba kutafuta funguo nikalikuta lile jani. Limeanza kunyauka kwenye ncha, fundo bado limekaza. Nililishika muda mrefu. Bwana Wim akauliza ni jani gani, nikashindwa kumweleza, na hapo nikagundua nalia.

Nimempigia Mektrida. Nimeweka oda: Uswidi, kesho Jumapili, saa sita kamili mchana. Kwao itakuwa saa tano kweli, Karin na mtoto watakuwa wametoka kanisani, na Rogath hana tena cha kuficha.